Lita Mia Sita na Kumi

Jumatatu tarehe kumi Juni, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Lorna Vescovi aliingia sebuleni na kikombe cha chai mkononi, akakuta konokono wote wa tangi la samaki wameanguka. Ishirini na kitu, ambao siku zote hutambaa kwenye kioo, walikuwa chali mchangani. Kamba wawili wenye mistari myekundu walikuwa wamelala ubavuni mwa jiwe, weupe kama karatasi. Matumbawe yote yalikuwa yamejikunja, na mengine yalikuwa yakimenyeka nyama, ikining'inia kama kamasi kwenye mkondo wa pampu.

Samaki watano walikuwa wazima. Walikuja mbele ya kioo kuomba chakula kama kawaida yao.

Lorna aliweka kikombe chini, akatazama saa ya ukutani, akaandika muda nyuma ya bahasha. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye maabara ya kiwanda cha sukari, akipima maji ya miwa kila nusu saa, haanzi kwa kupiga kelele. Halafu alisimama akasubiri ahisi kitu. Hakikuja. Hakikuja Februari, mumewe Dino alipokufa, wala makaburini, wala siku alipokunja mashati yake akayapeleka kwa maskini. Tangu hapo moyo wake ulikuwa kama shavu lililochomwa sindano na daktari wa meno: unajua lipo, ukiligusa ni kama la mtu mwingine.

Na tangi lile ndilo lililokuwa limebaki la Dino. Mashati yameondoka, gari limeuzwa, lakini kila siku saa kumi na moja jioni taa za buluu zilijiwasha zenyewe kama alivyozitega, na matumbawe yakafunguka. Lorna alikuwa akikaa mbele yake nusu saa kila jioni. Si kwamba alifurahi. Alikaa tu, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Dino alikuwa fundi umeme hapo mjini Townsville, mtu mpole, mwenye maneno mengi akishapata bia mbili. Tangi lake alilijenga kwenye ukuta wa sebule yao, mtaa wa Mundingburra, miaka kumi na tano iliyopita. Aliwaambia wote ni la lita mia saba na ishirini. Kioo kilikuwa cha ukubwa huo, kweli, lakini mawe nayo yanakula nafasi. Siku ya kulijaza, yeye na rafiki yake Nev Harker walibeba ndoo za lita kumi kumi tangu asubuhi, Lorna akihesabu kwa chaki sakafuni verandani. Ndoo sitini na moja, ukijumlisha na zilizoingia kwenye tangi dogo la kabatini. Dino akasema hiyo iwe siri ya nyumba, mia saba na ishirini inapendeza zaidi mdomoni.

Nikuambie ukweli kuhusu watu wanaofuga matumbawe nyumbani: hawaendi popote. Mwenye mbwa atampeleka kwa jirani. Mwenye matumbawe hawezi. Maji yanapaa, chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku lazima uongeze maji yasiyo na chumvi, si mengi, si machache. Umeme ukikatika saa sita, umekwisha. Joto likipanda digrii tatu, umekwisha. Bili ya umeme ya akina Vescovi ilikuwa mara mbili ya jirani yao. Na malipo yake ni nini? Malipo yake ni ile nusu saa ya jioni, na mgeni anayeingia akiongea mambo ya mpira halafu ananyamaza katikati ya sentensi. Dino aliona malipo hayo yanatosha na kuzidi.

Saa moja kamili Lorna alipima. Joto, digrii ishirini na tano na nusu. Chumvi, sawa. Pampu zote zilikuwa zinazunguka. Alichota maji kwenye chupa mbili za kioo, akazifunga, akaandika tarehe. Kisha akampigia Nev, na baada yake polisi.

Nev alikuja saa tatu, na kandambili zake, bado ana povu la kunyolea sikioni. Alikuwa na umri wa miaka sabini, dereva mstaafu wa treni za miwa, na tangu Dino augue alikuwa anakuja kila Alhamisi asubuhi kusaidia kubadilisha maji. Alisimama mbele ya kioo, akavua kofia, akalia. Alilia kama mtoto.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Miaka yote hii. Angeona Dino."

"Kaa chini, nikuletee maji."

"Wewe mbona hulii?"

"Sijui," Lorna akasema. Lilikuwa jibu la kweli.

Saa tano akaja Konstebo Wade Lutton, kijana mrefu aliyekuwa akiinama kila mlango, hata ule mrefu kuliko yeye. Lorna alimweleza. Yeye akawatazama samaki watano, samaki nao wakamtazama.

"Lakini mama, samaki si wazima?"

"Samaki, ndiyo. Hivyo vingine vyote ni viumbe hai. Vilikuwa."

"Hayo mawe?"

"Hayo si mawe."

Konstebo aliandika. Aliuliza thamani yake, Lorna akasema bima iliandika dola elfu kumi na nne. Kalamu ikasimama kidogo, halafu ikaanza kuandika kwa adabu zaidi.

"Nani aliingia humu siku hizi mbili?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Chama cha wafugaji wa matumbawe hapo mjini kina kawaida yake: Jumapili ya pili ya kila mwezi wanatembelea nyumba ya mwanachama, wanalitazama tangi, wanachoma soseji uani. Jana, tangu saa nane mpaka saa kumi alasiri, ilikuwa zamu ya nyumba hii. Watu kumi na mmoja, Nev akiwamo, walikuwa wamepita hapo sebuleni na vikombe mkononi.

"Kuna aliyekuwa na kinyongo?"

"Garth Pillinger, mwenyekiti wao. Ametaka kulinunua tangi mara nne tangu mazishi. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mazishi yenyewe."

Konstebo aliahidi kupiga simu Alhamisi. Nev akamsindikiza mpaka getini.

Saa nane mchana Lorna alipeleka chupa moja dukani kwa Shanelle Koh, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa akimuuzia Dino chumvi na kila takataka ya pampu. Wiki iliyopita Lorna alifungua ndoo mpya ya chumvi kutoka hapo, na wasiwasi wake wa kwanza ulikuwa huo.

"Mama Lorna, ukisema chumvi yangu ndiyo imeua tangi la Dino, nafunga duka leo leo," Shanelle alisema. Hakuwa anatania. "Konokono wamekufa, kamba wamekufa, samaki wazima?"

"Wazima, na wana njaa."

Shanelle alichukua kichupa, akadondosha matone, akalinganisha rangi na kadi yake, kisha akarudia tena upya.

"Shaba," alisema. "Dawa ya shaba. Hii wanawekewa samaki wakitoka vipele vyeupe, lakini unawatoa kwanza kwenye tangi lao, unawatibia kwenye beseni. Samaki wanaivumilia. Matumbawe, konokono, kamba, hawa inawamaliza. Kila mtu chamani anajua. Hilo ni somo la kwanza kabisa."

"Kiasi gani?"

"Nusu miligramu kwa lita. Ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa, wala hakijazidi." Alikunja uso. "Ajabu. Mtu anayetaka kuua humwaga chupa nzima. Huyu amepima kama nesi."

Lorna aliandika hilo kwenye kijitabu: nusu, haijazidi. Akachukua konokono watatu wa duka, ambao Shanelle alikataa kabisa kulipwa, akaenda nao nyumbani. Saa kumi alichanganya maji kwa chumvi ya ndoo mpya kwenye beseni safi, akawaweka. Jumanne saa nne asubuhi wote watatu walikuwa wanatambaa ukingoni mwa beseni. Chumvi haikuwa na kosa. Alimpigia Shanelle kumwambia, na Shanelle akashusha pumzi ndefu kwenye simu.

Jumanne hiyo saa tisa alasiri Lorna alikwenda kwa Garth Pillinger. Garth alikuwa na mwili mkubwa, muuza mabwawa ya kuogelea, na gereji yake ilikuwa na matangi sita badala ya gari.

"Karibu, bi mkubwa. Nimesikia. Mji mzima umesikia. Kabla hujaanza, sikufanya mimi."

"Sijauliza bado."

"Macho yako yameuliza. Kaa basi, hicho kiti hakina maji."

Lorna alikaa. "Jumapili ulifungua kabati la chini. Nilikuona."

"Nilifungua. Nilitaka kuona ile pampu ya marehemu. Hata wewe ungekuwa unataka kununua gari ungefungua boneti."

"Una dawa ya shaba?"

"Ninazo chupa tatu, hizo hapo rafuni. Nani hana? Nenda kwa yeyote chamani. Nenda kwa Nev wako, anayo." Alijikuna kidevu. "Sikiliza. Mimi mroho, nakubali. Dino aliniita mroho mbele ya watu, na mke wangu ananiita hivyo kila siku. Lakini mroho hachomi duka analotaka kulinunua. Ningefaidika nini?"

"Hasira. Nilikukatalia mara nne."

"Basi nisingekuja kupoteza dawa. Ningekata kipande. Lile tumbawe lenye ncha za dhahabu, Dino alimpa Nev kipande, akaninyima mimi miaka sita. Jumapili nilikuwa nalo pua kwa pua. Lina kovu lolote?"

"Halina."

"Umeona."

Lorna alitazama matangi ya gereji, yaking'aa rangi ambazo hazikumwambia chochote. Akauliza swali lake la mwisho kwa sauti ile ile.

"Mtu akitaka kutia dawa kwenye tangi la Dino, atie ya lita ngapi?"

"Swali gani hilo? Mia saba na ishirini. Dino mwenyewe alituimbia wimbo huo miaka kumi na tano."

Alipofika nyumbani Lorna alikaa mezani jikoni akapiga hesabu mara mbili. Dawa ya lita mia saba na ishirini, ukiitia kwenye maji ya lita mia sita na kumi, inakuwa kali zaidi: karibu sifuri nukta sita. Shanelle alisoma sifuri nukta tano. Aliyetia alijua ndoo zilikuwa sitini na moja. Duniani walikuwa wamelijua hilo watu watatu, na mmoja alikuwa amezikwa.

Hakuamini. Alifuta akaandika upya, kama vile tarakimu zingeona haya zibadilike. Nev ndiye aliyembeba Dino mikononi kutoka bafuni mwezi wa mwisho. Nev ndiye aliyelia jana yake mpaka kofia ikalowa. Labda Shanelle alikosea kusoma rangi. Rangi ni rangi, jicho ni jicho. Lorna alijaribu kuumia, akaona hawezi. Akapika yai, akalila akiwa amesimama.

Jumatano asubuhi alianza kuyatoa matumbawe yaliyokufa, maana maji yalikuwa yananuka. Samaki alikuwa ameshawahamishia kwenye beseni kubwa dukani kwa Shanelle. Alivaa glavu ndefu, akatoa moja moja, akayapanga kwenye magazeti verandani. Kazi ilipofika nusu, saa tatu na robo, alishika lile la kahawia, akaona.

Hilo la kahawia lilikuwa la kwanza kabisa la Dino. Alipewa na mzee mmoja wa chama wiki aliyozaliwa binti yao Tessa, akalianzia kwenye tangi dogo lililotangulia hili, na lilikuwa baya, halina rangi ya kumfurahisha mtu. Tawi lake moja la nyuma, upande wa ukuta, lilikuwa limekatwa. Halikuvunjika, lilikatwa sawasawa, kwa koleo. Lorna aliyachunguza yote, moja baada ya jingine, kwa miwani. Alikuta mengine mawili yamekatwa hivyo hivyo, kwa nyuma: lile la kijani fupi, na lile Tessa alilomnunulia baba yake kwa mshahara wake wa kwanza. Lenye ncha za dhahabu lilikuwa zima. Yote ya thamani yalikuwa mazima.

Alikaa kwenye ngazi ya veranda akafikiri. Wafugaji hawa wana desturi ya kugawiana vipande. Ukiwa na tumbawe zuri unamkatia rafiki, ili siku tangi lako likifa urudi kwake umwombe mbegu. Matumbawe mazuri ya Dino yalikuwa na ndugu zao katika nusu ya nyumba za mji. Haya matatu tu hayakuwa na ndugu popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaomba. Mwizi hakuchagua yenye bei. Alichagua yale ambayo yangepotea moja kwa moja.

Kila Jumatano na kila Jumamosi Lorna alikuwa akimtumia Tessa picha ya tangi, ikienda Dunedin, kule New Zealand, alikoolewa. Alifungua simu akazirudia picha, akazikuza kwa vidole. Jumatano tarehe ishirini na tisa Mei, tawi la kahawia lipo, ncha yake inachungulia juu ya jiwe. Jumamosi tarehe mosi Juni, halipo. Katikati ya siku hizo mbili kulikuwa na Alhamisi moja. Garth hakukanyaga nyumba hiyo mpaka Jumapili ya tarehe tisa.

Alhamisi tarehe kumi na tatu, saa nne asubuhi, Nev aligonga mlango kama kawaida. Safari hii hakuwa na madumu ya maji. Lorna alikuwa amepanga vitu juu ya meza ya jikoni: picha mbili alizozichapisha, tumbawe la kahawia kwenye gazeti, na karatasi yenye hesabu. Aliweka na chai, kwa sababu Nev hajawahi kukaa jikoni hapo bila chai.

"Keti, Nev."

Nev aliitazama meza. Alikaa polepole, kama mtu mwenye mgongo mbovu.

"Ulikata haya tarehe thelathini Mei," Lorna akasema. "Jumapili ya soseji ulisema unaingia kunawa vitunguu mikononi. Ulikaa muda gani ndani?"

"Dakika nne."

"Dawa ulipima wapi?"

"Nyumbani. Niliitia kwenye chupa ya sosi, nikaingia nayo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa lita mia sita na kumi."

"Najua. Ungekosea kidogo tu, nisingekujua. Kwa nini hukumwaga yote?"

"Samaki wangekufa. Umewapa majina."

Lorna alisubiri. Hasira ingekuwa na haki ya kuja hapo, na wala hakuiona.

"Niambie kwa nini. Pole pole. Nina siku nzima."

Nev alizungusha kikombe bila kunywa. "Januari, shemeji, nilimtoa nje akaote jua. Akaniambia, nikifa, mpe Lorna miezi mitatu. Akiliuza tangi, vizuri. Asipoliuza, liue. Nikamwambia una wazimu. Akaniambia tena kesho yake. Akasema, mimi nimemfunga mwanamke yule kwenye ukuta miaka kumi na tano, sitaki aendelee kufungwa nimeshakufa. Nikakataa tena. Mara ya tatu alikuwa hawezi kuinua kijiko. Utamkatalia mtu kama huyo?"

"Februari, Machi, Aprili, Mei," Lorna akahesabu. "Miezi mitatu iliisha kitambo."

"Nilikuwa najificha. Kila Alhamisi najiambia, wiki ijayo ataliuza. Halafu ile Alhamisi ya mwisho wa Mei nimefika hapa, umeniambia jana yake umemwambia Tessa huendi. Mtoto wako anazaa mjukuu wako wa kwanza Julai, na wewe huendi kwa sababu ya maji." Aliinua macho, mekundu. "Ulisema hivyo huku unapangusa kioo. Kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikaona Dino alikuwa sahihi, Mungu anisamehe. Nikachukua koleo siku ile ile, wewe ulipotoka kwenda posta."

"Hilo nalo alikuagiza? Kukata?"

"Hapana. Hilo langu. Yale mengine yapo kwa watu. Hayo matatu hayapo popote. Sikuweza, shemeji. Yapo nyumbani kwangu. Yameanza kufunguka. Nilikuwa nikuletee ukisharudi kutoka Dunedin, nikudanganye nimeyapata wapi sijui."

Lorna alilinyosha gazeti chini ya tumbawe, ingawa lilikuwa limenyooka.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alisema utakataa. Alisema ukiambiwa liondoe utaona unamtupa yeye, utalishika zaidi. Alisema anakujua."

"Nev, mimi nalichukia lile tangi."

Nev alisukuma kikombe kando.

"Tangu mwaka wa pili. Nalichukia kelele zake, nachukia harufu ya chumvi kwenye mapazia. Nililishika kwa sababu nilidhani yeye ndivyo angetaka. Nilikuwa natafuta siku ya kulizima. Ningelizima mwenyewe, kwa mkono wangu, nikishaweza. Ile ilikuwa siku yangu, mliichukua mkagawana wawili nyie uani, kama soseji."

"Shemeji, angejua hivyo..."

"Angejua vipi? Sikusema. Na yeye hakuuliza." Alisimama akamwaga chai yake kwenye sinki. "Mlidhani mnanijua."

"Nitakwenda polisi," Nev akasema. "Mwenyewe. Leo."

"Utakwenda nyumbani. Utayatunza hayo matatu, na utawachukua samaki kwa Shanelle. Usiniletee hapa, hata nikija kukuomba. Na usije Alhamisi ijayo."

"Na ile nyingine?"

Lorna alifikiri. "Ile nyingine nitakuwa Dunedin," akasema, na ndipo na yeye alipojua.

Nev alichukua kofia yake. Mlangoni aliivaa, akaenda zake.

Saa nane na robo simu ikalia. Alikuwa Konstebo Lutton, kama alivyoahidi.

"Mama Vescovi, nimeongea na Pillinger, nimeongea na wenzake watano. Sina kitu. Wewe umepata chochote?"

"Nimempata aliyelifanya."

Karatasi zilisikika upande wa pili. "Jina?"

"Dino Vescovi."

"Huyo ni ndugu wa mumeo?"

"Ndiye mume wangu."

Mahali fulani nyuma ya konstebo mtu alikuwa anachapa kwa vidole viwili. "Mama, wewe uliniambia mumeo alifariki Februari."

"Tarehe kumi na moja. Aliagiza kabla hajafa. Ushahidi ninao wote."

"Na aliyeagizwa?"

"Huyo simdai kitu, na sitasaini hati yoyote yenye jina lake."

"Lakini mimi siwezi kumfungulia jalada mtu aliyekufa."

"Mimi naweza," Lorna akasema, akakata simu.

Aliingia sebuleni. Tangi lilikuwa limebaki mawe na maji machafu. Alisimama katikati ya zulia, na kitu cha moto, kibaya, kikaanza kupanda, akakitambua. Alikuwa amekasirika.

"Wewe Dino," alisema, kwa sauti kubwa, mchana kweupe, madirisha wazi. "Wewe mwanamume. Ulimwambia Nev. Mimi nilikuwa chumba cha pili nakukorogea uji, wewe unamwambia Nev." Alimwambia habari ya harusi ya mdogo wake kule Adelaide, ambayo hakwenda kwa sababu pampu ilikuwa na homa. Alimwambia habari ya Krismasi saba. Alimwambia kwamba taa zake za buluu zilimuumiza macho, na kwamba alikaa mbele yake kila jioni miezi minne akidhani anakaa kwa ajili yake. Alimwambia kwamba anakwenda kumwona mjukuu, na kwamba mtoto huyo akiwa wa kiume hatapewa jina lake, ng'o. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyajali, aliendelea kugomba kama walivyokuwa wakigombana siku zote, yeye amesimama, Dino ameketi anatazama maji.

"Miaka thelathini na tisa tunalala kitanda kimoja," alisema. "Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Na kwa mazoea akanyamaza kidogo, ili naye ajibu.